Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo: tunaomba mgeuke mtutazame mnapofundisha

Kwa:
Mkuu wa Chuo,
Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma),
Wakuu wa Idara zote.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

YAH: UFUNDISHAJI UNAOWAACHA NJE WANAFUNZI WALIOKETI NDANI YA DARASA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ninakuandikia kwa heshima zote, na naomba radhi kwamba barua hii inasomwa na wengine kabla haijafika mezani kwako. Sikukusudia iwe hivyo. Mwaka jana nilimwandikia mkufunzi wa somo, akasema ataliangalia. Nikamwandikia mkuu wa idara, nikaambiwa nilete cheti cha daktari. Nikakipeleka, kikatiwa kwenye jalada, na darasani hakikubadilika kitu. Nikaenda ofisi ya ushauri wa wanafunzi mara mbili, na mara zote mbili nikajibiwa kuwa suala langu linashughulikiwa. Mihula miwili imepita tangu hapo. Sina mlango mwingine wa kubisha.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Sikio langu la kushoto halisikii kabisa. La kulia linasikia kwa msaada wa kifaa. Kifaa hicho hakichagui: kinakuza sauti ya mkufunzi, na kinakuza vilevile kiti kinachoburutwa, feni, na minong'ono ya safu ya nyuma. Yanayonipita masikioni nayatafuta midomoni. Nimezoea kusoma midomo tangu utotoni, lakini midomo nayo haisemi kila kitu. Simama mbele ya kioo, Mheshimiwa, utamke "baba", "papa" na "mama" bila kutoa sauti. Utaona midomo inafanya jambo lilelile mara tatu. Kinachonisaidia kujua ni neno gani ni sentensi nzima, uso wa msemaji, na kile kilichoandikwa ubaoni. Uso ukigeuka, somo linakatika.

Siandiki kwa ajili yangu peke yangu. Wenzangu waliposikia kwamba nimepeleka malalamiko, walianza kunifuata mmoja mmoja baada ya vipindi, kila mtu na lake. Wapo wasioona, wapo wanaosoma kwa lugha ambayo ni ya tatu kwao, wapo wanaofanya kazi usiku na kuingia darasani asubuhi. Wameniruhusu niyaseme yao bila kuwataja.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Wakufunzi wanazungumza na ubao.

Hili naliweka la kwanza kwa sababu ndilo lililonigharimu zaidi, na ndilo rahisi kuliko yote kulirekebisha.

Katika somo la takwimu, mkufunzi wetu huandika huku akisema, mgongo kwetu, mkono ukikimbia, sauti ikielekea ukutani. Siku moja aliandika fomula ndefu, akageuka nusu, akasema jambo fupi, akarudi ubaoni. Niliona vichwa vyote vimeinama kwa pamoja na kalamu zikifuta kitu. Nilimgusa mwenzangu nikamuuliza kwa ishara kuna nini. Akaniashiria nisubiri, maana naye alikuwa anaandika. Kipindi kilipoisha alikuwa ameshasahau. Wiki mbili baadaye, katika jaribio, nilitumia fomula kama ilivyo kitabuni, na swali zima likakatwa. Ndipo nilipojua alichosema siku ile: kwamba kitabu kimechapwa kimakosa, na alama ya kujumlisha ibadilishwe iwe ya kutoa. Darasa zima lilijua. Mimi nilikuwa safu ya kwanza.

Yapo mengine ya aina hii. Mkufunzi huuliza, "Mnanisikia bila maikrofoni?" na ukumbi ukaitika ndiyo. Asiyesikia hakulisikia swali lenyewe, kwa hiyo jibu la "hapana" halitolewi kamwe. Mwanafunzi wa nyuma huuliza swali, mkufunzi akalijibu papo hapo bila kulirudia. Kwangu linabaki jibu lisilo na swali. Video huonyeshwa bila manukuu, taa zimezimwa, na hata mwenzangu aliye tayari kuninong'oneza nisione midomo yake.

Dawa yake inajulikana. Andika kwanza, kisha geuka useme. Tumia maikrofoni kila mara bila kuuliza. Rudia swali kabla ya kulijibu. Washa manukuu. Maneno magumu ya siku hiyo yaandikwe pembeni mwa ubao na yasifutwe hadi mwisho. Tunaye mkufunzi mmoja hapa chuoni anayefanya haya yote, na hutuma muhtasari wa kipindi siku mbili kabla. Sikumwomba. Nilipomshukuru alishangaa, akaniambia alianza kwa sababu yeye mwenyewe hukaukiwa na sauti. Katika somo lake nimepata alama zangu za juu kabisa, na si mimi tu ninayempenda. Ukichelewa dakika 5 hupati kiti.

2. Masomo ya kusoma yanatumwa kama picha.

Mwenzangu asiyeona hutumia kisoma skrini, yaani programu inayoyageuza maandishi kuwa sauti. Simu nyingi siku hizi huja nayo, na kwa kompyuta ipo NVDA, ambayo hutolewa bure na ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia. Kwa hiyo vifaa si tatizo. Tatizo ni faili. Mkufunzi huchukua kitabu, hupiga sura nzima picha, kurasa zikiwa zimepinda na kivuli cha kidole kikionekana pembeni, kisha huituma kwa darasa. Kwa sisi tunaoona inasomeka kwa taabu. Kwa yeye hakuna kitu. Aliniwekea simu yake kwenye sikio langu la kulia ili nishuhudie: ikataja jina la faili, ikataja namba ya ukurasa, ikanyamaza. Akatelezesha kidole. Ukurasa mwingine, kimya. Kurasa 34. "Hii ndiyo sura ya Jumatatu," akaniambia.

Kwa wiki tatu dada yake alimsomea kwa simu usiku baada ya kazi.

Faili ile ile ingetumwa kama maandishi, si picha, ingesomeka siku hiyo hiyo. Zipo programu za kutambua herufi ndani ya picha na kuzigeuza kuwa maandishi, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Picha na grafu zinahitaji sentensi mbili za maelezo. Na darasani, mkufunzi asiseme "mnaona hii inavyopanda kutoka hapa hadi hapa". Aseme ni nini kinachopanda, kutoka kiasi gani hadi kiasi gani. Niseme pia kwamba maelezo ya namna hiyo yamenisaidia hata mimi ninayeona, kwa sababu mara nyingi nilikuwa naitazama grafu bila kujua natakiwa kutazama wapi.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi: wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wanaume, na slaidi inayosema "angalieni mstari mwekundu" imewaacha. Andikeni jina juu ya mstari.

3. Swali hujibiwa na wale wale wanne.

Katika miaka ya 1970 mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mtu au kulijibu wenyewe. Aliona kwamba kwa kawaida ni kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliojibu waliongezeka, na wale walioonekana wazito nao wakaanza kusema.

Nimehesabu darasani kwetu kwa saa ya simu. Sekunde moja ni ya kweli.

Sekunde moja haimtoshi anayesikia swali kwa lugha moja, akalitafakari kwa nyingine, kisha atafute maneno ya kulijibia. Haimtoshi anayesubiri mkalimani wa lugha ya alama amalize sentensi. Haimtoshi mtu mpole anayependa kuwa na uhakika kabla ya kufungua mdomo. Mwisho wa muhula mkufunzi anaondoka akiamini darasa lina wanafunzi wanne wenye akili na wengine ni wazembe. Alama za ushiriki nazo hufuata imani hiyo.

Njia ya kulivunja hili ni ya zamani. Mwaka 1981 Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland alieleza utaratibu wa hatua tatu: mwanafunzi afikiri peke yake, azungumze na jirani yake, kisha wachangie mbele ya wote. Dakika 3 zinatosha. Wengine wanaweza kuandika swali kwenye karatasi na kuliacha mezani mwa mkufunzi. Ninachoomba hapa kwa msisitizo ni kitu kimoja zaidi: matamshi ya mwanafunzi yasichekwe, na mkufunzi asiwe wa kwanza kucheka. Mwenzangu mmoja aliigwa namna anavyotamka neno moja, mbele ya watu 200. Hilo lilitokea mwaka wa kwanza. Hajanyoosha mkono tena hadi leo.

4. Mitihani inapima kasi na ubashiri.

Tunapewa kazi ya kuandika bila kuambiwa itasahihishwa kwa vigezo gani. Wenye kaka au dada waliopita hapa wanajua mkufunzi fulani anapenda nini. Asiye na mtu wa kumwuliza anabahatisha. Kazi ingetaja mambo matatu tu, kwa nini inatolewa, nini kifanyike, na alama zitagawanywaje, pengo hilo lingepungua sana. Majina nayo yaondolewe kwenye karatasi, zibaki namba. Na pale ambapo kasi si sehemu ya ujuzi unaopimwa, muda uongezwe kwa wote. Muuguzi anayejifunza kuokoa mtu lazima awe na kasi. Anayechambua hoja kwenye karatasi, kasi ya nini?

5. Ratiba hubadilishwa usiku kwa ujumbe wa simu.

Kipindi cha mchana kinahamishiwa saa 1 asubuhi, ujumbe ukitumwa saa 4 usiku. Aliye kazini zamu ya usiku, mwenye mtoto mchanga, anayehitaji mtu wa kumleta, wote hukosa, na mahudhurio huandikwa.

6. Tunageuzwa kuwa kesi.

Hili, Mheshimiwa, ndilo mzizi wa mengine yote, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Chuo chetu hakikatai kutusaidia. Kinatusaidia kwa kutungojea. Mimi nipeleke cheti kila muhula, kana kwamba sikio langu litapona likizo. Niende kwa kila mkufunzi, masomo 6, nieleze upya nisivyosikia, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake na wenzangu wakisubiri nyuma yangu. Mkufunzi mmoja aliingia ukumbini akauliza kwa sauti, "Yule mwenye shida ya masikio yuko wapi?" Alitaka kunisaidia, na ninaamini moyo wake ulikuwa mwema. Kumbuka tu kwamba nililisikia hilo kupitia vicheko, kwa sababu swali lenyewe halikunifikia.

Na wapo wasiokwenda kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, karibu mtu 1 kati ya 6, wanaishi na ulemavu mkubwa. Ulemavu mwingine hauonekani kwa macho: usomaji mgumu, maumivu ya kudumu, msongo wa akili. Mpango wowote unaomngoja mtu ajitangaze utawaacha wengi wa hao.

Ipo namna nyingine ya kufikiri. Ronald Mace alikuwa msanifu majengo wa Marekani aliyetumia kiti cha magurudumu kwa sababu ya polio ya utotoni. Alisema majengo na vitu vibuniwe tangu mwanzo ili vitumike na watu wengi iwezekanavyo, badala ya kujenga kwanza kisha kuanza kubomoa kwa ajili ya mmoja. Mteremko wa mlangoni humfaa mwenye kiti cha magurudumu, na humfaa pia mama mwenye kigari cha mtoto na mpagazi mwenye mzigo. Taasisi ya CAST, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1984, ililipeleka wazo hilo darasani: somo lipangwe likiwa na njia zaidi ya moja ya kumvuta mwanafunzi, njia zaidi ya moja ya kumfikishia maarifa, na njia zaidi ya moja ya yeye kuonyesha alichojifunza. Manukuu niliyoyaomba kwa ajili ya masikio yangu ndiyo hayo hayo yanayomsaidia yule mwenye lugha ya tatu kujua neno linaandikwaje.

Na hili si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, katika Ibara ya 24, unataja elimu ya juu na mafunzo ya ufundi waziwazi: bila ubaguzi, kwa usawa na wengine, na kwa marekebisho yanayofaa.

Mheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nimeshapewa.

Nimeambiwa madarasa ni makubwa mno kwa mambo haya. Kugeuka na kurudia swali kunafaa zaidi ukumbi unapokuwa mkubwa. Na kuhusu kuwafanya wanafunzi wazungumze na kutenda badala ya kusikiliza tu, mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: wanafunzi waliofundishwa kwa mhadhara mtupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ufundishaji shirikishi hupunguza pengo kati ya wanafunzi wa makundi yaliyoachwa nyuma na wenzao.

Nimeambiwa hakimiliki hairuhusu kugeuza vitabu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliandikwa kwa ajili hiyo hasa, ili nchi zilizouridhia ziruhusu nakala zinazosomeka na wasioona bila kusubiri kibali cha mchapishaji. Ofisi ya sheria ya chuo iulizwe, na jibu litolewe kwa maandishi.

Nimeambiwa hakuna bajeti. Mkalimani wa lugha ya alama anahitaji malipo, sikatai, na wenzangu viziwi wanamhitaji mwaka huu, wasiendelee kusubiri. Lakini sehemu kubwa ya niliyoyaandika hapa haina gharama.

Nimeambiwa tunataka viwango vishushwe. Neno hili liliniuma kuliko yote. Sijaomba swali rahisi. Nimeomba kulisikia.

Na mkufunzi mmoja aliniambia kwa upole, "Sisi tulisoma hivi hivi tukafaulu." Ni kweli, nao ndio waliobaki. Walioshindwa kwa sababu ya mgongo ulioelekezwa kwao hawakurudi kuwa wakufunzi ili watueleze. Nakiri pia kwamba wakufunzi wetu wengi waliajiriwa kwa ubora wa shahada zao, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kufundisha. Hilo siwalaumu wao. Ndiyo maana barua hii imekujia wewe.

Tunaomba yafuatayo:

Kwanza, kabla ya muhula ujao kuanza, waraka uende kwa wakufunzi wote ukiwataka waandike kisha wageuke, watumie maikrofoni, warudie maswali, watume maandishi yanayosomeka na programu angalau siku mbili kabla ya kipindi, na wawashe manukuu.

Pili, taarifa ya mahitaji ya mwanafunzi ichukuliwe mara moja tu anapoingia chuoni, kwa siri, na chuo chenyewe kiwafikishie wakufunzi wake. Mwanafunzi asitembezwe mlango kwa mlango.

Tatu, yawepo mafunzo ya ufundishaji jumuishi kwa kila mkufunzi, na miongoni mwa watoa mafunzo wawemo wanafunzi wenyewe. Mwenzangu wa kurasa 34 amekubali kuja na simu yake.

Nne, fomu tunayojaza mwisho wa muhula kutathmini ufundishaji iongezwe maswali haya: uliweza kusikia, kuona na kusoma kila ulichotakiwa? Ulijua utasahihishwa vipi? Majibu yasomwe na mkuu wa idara, na tuambiwe kimefanyika nini.

Tano, kila kazi na kila jaribio vitolewe pamoja na vigezo vya kusahihisha.

Niko tayari kuitwa wakati wowote pamoja na wenzangu. Tukikutana, naomba tukae kwenye chumba chenye mwanga, na msemaji mmoja amalize kabla mwingine hajaanza. Tungependa kupata majibu ndani ya siku 30, na naomba yawe ya maandishi, kwa sababu simu siisikii.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
safu ya kwanza, upande wa kushoto.